Mjane wa kuja na kihamba cha mumewe

  

Ndugu Waislamu, Ijumaa hii tunawaomba tupande pamoja Mlima Kilimanjaro. Hatuendi kileleni. Tunaishia kwenye migomba, mahali ambapo upo wajibu wa haki usiotekelezwa, na sisi masheikh na maimamu tumo miongoni mwa wanaodaiwa.

Anayetoka Moshi mjini kwa daladala kuelekea Machame, Kibosho, Uru au Old Moshi, baada ya muda si mrefu huiacha tambarare ya mahindi akaingia kwenye kivuli cha migomba na mibuni. Huko nyumba hazikukusanyika pamoja kama vijiji vya pwani. Kila nyumba imo ndani ya shamba lake, na shamba hilo ndilo kihamba. Maji huletwa na mifereji iliyochimbwa na wazee wa kale, na wafu huzikwa humo humo, karibu na walio hai. Kihamba hutoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume. Kwa desturi, kifungua mimba na kitinda mimba ndio waliotazamwa kwanza. Binti huolewa akaenda kwenye kihamba cha watu wengine. Mke naye huja kutoka kwingine, na akifiwa na mumewe hubaki pale kwa heshima ya watoto wake wa kiume, kama anao.

Ikiwa mke huyo ni Mchaga, ana baba na kaka zake ng'ambo ya korongo. Akionewa, watakuja kuuliza. Lakini Moshi si mji wa kabila moja. Reli ya kutoka Tanga iliufikia mwaka 1911 na kuleta watu wa kila namna. Mashamba ya miwa ya TPC, yaliyoanzishwa katika miaka ya 1930 huko Arusha Chini, yaliajiri vibarua kutoka mikoa ya mbali. Leo katika mitaa ya Njoro, Majengo, Pasua na Bondeni utawakuta Wapare, Warangi, Wasambaa, Wanyaturu, Wasomali, Waarabu na Wamaasai waliohamia mjini, na kusini yake Wakahe, ambao ni wenyeji wa kale lakini wachache. Waislamu wa huko wengi wao wametokana na mchanganyiko huo, ingawa wapo pia Wachaga Waislamu wa vizazi kadhaa katika vihamba. (Tukumbushe kwa kupita tu kwamba Johannes Rebmann, mmisionari aliyeuona mlima huo mwaka 1848, aliongozwa na Mswahili aitwaye Bwana Kheri. Muislamu si mgeni wa jana Kilimanjaro.) Wachaga wana neno la kumwita mtu asiye wa kabila lao: chasaka. Mara nyingi husemwa kwa utani, lakini likisemwa kwenye kikao cha mirathi, utani umekwisha.

Tunaye mama mmoja tunayemfahamu, Mrangi kutoka Kondoa. Jina lake tunalihifadhi. Aliolewa kwa ndoa ya Kiislamu na dereva wa Kichaga, Muislamu mwenziwe, akaja naye kwenye kihamba mlimani. Wakaishi miaka 19. Wakajenga nyumba ya tofali, wakapalilia kahawa, na mama akawa anashusha ndizi sokoni Kiboriloni. Walijaliwa watoto watatu, wa kiume mmoja na wa kike wawili. Huyo mume, Mwenyezi Mungu amrehemu, alifariki kwa ajali ya barabarani.

Sisi tulikuwapo katika msiba ule. Tulisoma, tukaomba dua, tukala ubwabwa. Siku chache baadaye mama huyu, akiwa ndani ya eda, alimtuma mwanamke mmoja wa darsa aje kutuuliza: je, katika mali ya mume wake yeye ana chochote? Tukamjibu kwamba asubiri amalize eda yake, miezi 4 na siku 10, ndipo tutakaa na wakubwa tuzungumze. Tulidhani tumesema la busara.

Ukoo haukusubiri. Kikao cha kumaliza msiba kilifanyika yeye akiwa ndani, amejitenga kama dini ilivyomtaka. Muhtasari wa kikao ukaandikwa: ndugu wa marehemu apendekezwe kuwa msimamizi wa mirathi; kihamba kirudi mikononi mwa ukoo hadi kijana atakapokuwa mkubwa; shamba la mahindi la tambarare, ambalo marehemu alilinunua kwa mshahara wake, lisimamiwe na huyo ndugu; na mjane, kwa kuwa si mtu wa hapa, akimaliza eda yake arudi kwao Kondoa, au "atunzwe" na mmoja wa wanaukoo. Kila anayejua mila anaelewa kutunzwa huko kuna maana gani. Muhtasari ukapelekwa Mahakama ya Mwanzo, tangazo likabandikwa, na mwenye eda hasomi matangazo ya ubao wa mahakama. Alipotoka eda, shemeji yake alikuwa tayari na barua ya usimamizi mfukoni.

Ndugu msomaji, aliyempa adui nafasi ile ya miezi minne ni nani? Eda ni ibada, na pia ni haki ya mjane kubaki katika nyumba aliyokuwa akiishi. Haikuwekwa ili watu wapate muda wa kugawana vitu vyake. Tulipaswa kuyajua hayo kuliko yeyote, na tulipoulizwa tukajibu subira.

Tutazame sasa Sheria ya Mwenyezi Mungu inasemaje, maana katika vikao vya namna ile husikika watu wakisema kuwa Uislamu nao haumpi mwanamke ardhi. Huo ni uzushi. Surat An-Nisaa, aya ya 7, imewapa wanaume fungu na wanawake fungu katika walichoacha wazazi na jamaa, kiwe kidogo au kingi, na ikaliita fungu la faradhi. Haikutenga ng'ombe, wala nyumba, wala shamba la ukoo. Aya ya 12 imempa mke thumni, yaani sehemu moja ya nane, mume akiwa ameacha mtoto, na robo asipoacha. Aya ya 19 imekataza kuwarithi wanawake kwa nguvu, kama ilivyokuwa ada ya Waarabu wa zama za ujinga ambao ndugu wa marehemu alimtupia mjane nguo yake na kumhesabu wake. Watu wa Kilimanjaro hawakuwa wa kwanza kubuni jambo hilo, na wala hawako peke yao. Liko Usukumani, liko Tarime, liko kwingi.

Sababu ya kuteremka aya za mirathi tunaipata katika mapokezi ya Jabir bin Abdillah (r.a.). Mke wa Sa'd bin Rabi' alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) na binti zake wawili, akaeleza kuwa baba yao ameuawa katika vita vya Uhud, na ami yao ameichukua mali yote bila kuwaachia kitu, na mabinti hawaolewi bila mali. Mtume (s.a.w.) akangoja hukumu ya Mola wake. Aya ziliposhuka alimwita yule ami, akamwamrisha awape mabinti theluthi mbili, mama yao thumni, na kitakachobaki ndicho chake. Ukikigawa kile kirithiwa mafungu 24, mabinti wamepata 16, mjane 3, na ami 5. Yule ami alikuwa Muislamu, Answari, nduguye shahidi. Hakuwa mtu mbaya. Alifuata mila ya ukoo wake tu.

Na katika kisa cha mama yetu wa Kondoa hesabu ni kali zaidi kwa shemeji. Marehemu alikuwa ameshafiwa na wazazi wake, na ameacha mtoto wa kiume. Gawa mali mafungu 32: mjane 4, kijana 14, kila binti 7. Yamekwisha. Ndugu wa marehemu hana hata fungu moja, kwa kuwa mtoto wa kiume humzuia. Tunaamini hapo ndipo penye siri ya mapenzi makubwa ya mila katika vikao hivi. Mtu huswali sala tano, hufunga Ramadhani, huchinja Idi, lakini ikifika siku ya mirathi hukumbuka ghafla kwamba yeye ni mwana wa mila.

Tuwe waadilifu kwa ukoo pia. Ardhi ya mlimani imebanana, vihamba vimegawanywa hadi vingine vimebaki ukubwa wa ua, na makaburi ya wazazi yamo ndani. Hofu yao ni kwamba mjane ataolewa na mwingine, na mwingine huyo ataingia katika migomba ya baba yao. Hofu hiyo ina maana. Lakini kijana mwenye mafungu 14 ni damu yao, na dada zake pia ni damu yao. Na mwanaanthropolojia wa Kimarekani Sally Falk Moore, ambaye kitabu chake cha mwaka 1986 kinafuatilia mila za Wachaga tangu 1880 hadi 1980, ameonyesha kwa ushahidi mwingi kwamba kinachoitwa mila ya mababu kimekuwa kikibadilika wakati wote, kwa kahawa, kwa mahakama za kikoloni, kwa uhaba wa ardhi. Basi kama mila iliweza kujikunja kwa ajili ya kahawa, inashindwaje kujikunja kwa ajili ya yatima?

Mama huyu hakusaidiwa na sisi. Jirani yake, Mlutheri, ndiye aliyemshika mkono akampeleka mjini kwa wasaidizi wa kisheria.

Hapa inafaa tuizungumze kazi hii kwa mapana kidogo, kwa sababu wasomaji wengi wa ukurasa huu wanaisikia kwa mbali tu. Lipo Moshi shirika linalofahamika kwa kifupi chake, KWIECO, lililoanzishwa mwaka 1987. Jina lake refu linataja wanawake wa Kilimanjaro, kubadilishana habari na kupeana ushauri, na mwanasheria Elizabeth Maro Minde amekuwa kiongozi wake kwa miaka mingi. Tuukumbuke mwaka ule. Haki za msingi zilikuwa zimeingizwa katika Katiba mwaka 1984, lakini zilikuwa bado hazijaanza kudaiwa mahakamani. Jaji James Mwalusanya alikuwa bado hajatoa hukumu yake ya mwaka 1990 katika shauri la Bi Holaria Pastory wa Kagera, ambapo alikataa mila iliyomzuia mwanamke kuuza shamba alilorithi kwa baba yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ambayo kifungu chake cha 20 kinabatilisha mila inayowanyima wanawake ardhi, ilikuja mwaka 1999. Kwa hiyo waliofungua ofisi mwaka 1987 ili mwanamke wa kijijini apate pa kuuliza haki zake, walianza kabla njia haijachongwa.

Kazi yenyewe haina makeke. Mwanamke huja na bahasha. Husikilizwa. Huandikiwa barua ya kumwita mlalamikiwa, maana mashauri mengi ya nyumbani huweza kumalizwa kwa mazungumzo, na kama hayakumalizika huandaliwa maombi ya mahakamani. Vijijini wapo wasaidizi wa kisheria, watu wa kawaida waliofunzwa, na tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 watu wa aina yao wanatambuliwa rasmi nchini. Kwa wanaokimbia kipigo, shirika hilo limejenga nyumba ya hifadhi Moshi, iliyosanifiwa na wasanifu majengo wanawake kutoka Finland katika miaka ya 2010. Kwa mwanamke wa Kichaga nyumba ya hifadhi ni msaada. Kwa mwanamke wa kuja, ambaye nyumba ya kaka yake iko mwendo wa siku nzima kwa basi, huenda ikawa ndiyo nyumba pekee.

Tunajua baadhi ya ndugu zetu huyatilia shaka mashirika ya haki za wanawake. Sisi pia tunatofautiana na wengi wao katika mambo, na hatuoni haja ya kuficha: wao wangependa fungu la binti na la mwana yalingane, sisi tumefungwa na aya ya 11. Lakini tujiulize, ni wajane wangapi wa Kiislamu waliofika kwao wakidai kulinganishwa na kaka zao? Wengi wanadai ile thumni, ambayo wenye Qur'ani mkononi wamewanyima.

Tukirudi kwenye shauri lile, swali lake kubwa lilikuwa: marehemu arithiwe kwa sheria ipi? Nchini mwetu mahakama za makadhi zenye nguvu ya dola hazipo Tanzania Bara tangu miaka ya mwanzo ya uhuru, na kadhi aliye chini ya BAKWATA anaweza kutoa fatwa na kusuluhisha lakini hana askari wa kutekeleza hukumu yake. Mirathi ya Muislamu huenda Mahakama ya Mwanzo, na hakimu ana mamlaka ya kuhukumu kwa sheria ya Kiislamu au kwa mila. Kuchagua kati ya hizo mbili, mahakama zetu, kwa kufuata msingi uliowekwa katika shauri la marehemu Innocent Mbilinyi la mwaka 1969, hutazama mwenendo wa maisha ya marehemu na nia yake. Na tofauti si ndogo. Kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba hazimpi mjane fungu marehemu akiwa ameacha watoto. Fungu lake ni kutunzwa na watoto hao. Kanuni hizo ndizo zilizowafanya wajane wawili wa Kisukuma wafike hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati hiyo ikaona Tanzania imewakosea.

Msaidizi wa kisheria alimwuliza mama yule maswali ambayo sisi tulipaswa kumwuliza siku ya tatu ya msiba. Cheti cha ndoa kiko wapi? Nani alishuhudia? Mume aliswali wapi? Nani ajuaye kuwa kihamba kile alipewa na baba yake akingali hai, akakikalia na kujenga, na si kwamba aliazimwa tu? Swali hili la mwisho ni la fiqhi kabisa, kwa sababu hiba haitimii ila kwa kukabidhiwa, na kisicho mali ya marehemu hakirithiwi. Msaidizi yule hakusoma madrasa. Akaandika maombi ya kupinga usimamizi, akatwambia tufike kutoa ushahidi.

Tulifika. Tukaeleza kuwa marehemu alikuwa Muislamu, tukakionyesha cheti cha nikaha kilichoandikwa Kondoa, tukasema alikuwa akiswali nasi Ijumaa. Ndipo shemeji mtu akasimama akatuuliza, kwa adabu kabisa: "Shekhe, marehemu hakuja kwenye mbuzi wa ukoo?" Tulijua anakusudia nini. Marehemu alikuwa akihudhuria machinjo ya ukoo, na mwaka mmoja alichangia mbuzi. Tulikuwa tumekula kiapo. Tukasema ndiyo, alihudhuria. Mama yule alikuwa amekaa benchi la mbele na mtandio wake umemfunika mpaka machoni, na hatukuthubutu kumtazama.

Hakimu alituuliza swali moja zaidi: alipooa, alioa kwa mila au kwa dini? Tukajibu kwa dini, kwa mahari na mashahidi wawili. Na watoto aliwapa majina gani, aliwasomesha wapi? Tukajibu. Hukumu ilipotoka, mahakama iliona kwamba maisha yake kwa ujumla yalikuwa ya Kiislamu, na mbuzi mmoja hamtoi mtu katika sheria aliyoishi nayo. Usimamizi wa shemeji ukatenguliwa. Mjane akateuliwa pamoja na mzee mmoja wa ukoo aliyekuwa mtu wa haki tangu mwanzo, wakatakiwa walete orodha ya mali ndani ya miezi 4 kama kanuni zinavyoelekeza.

Ilibaki kazi ya kugawa, na thumni ya kihamba kidogo ni mistari michache ya migomba. Hapo fiqhi yetu ina mlango unaoitwa takharuji: mrithi hupokea kitu kingine anachokiridhia, akajitoa katika fungu lake. Mama aliridhia shamba la tambarare kwa ajili yake na mabinti, kihamba akabakishiwa kijana, na yeye akaandikiwa haki ya kukaa katika nyumba kwa maisha yake, aolewe asiolewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inasema wazi kuwa mjane yuko huru kuishi anapotaka na kuolewa na amtakaye au kutoolewa. Tunasisitiza neno kuridhia. Takharuji huja baada ya mtu kuambiwa fungu lake ni kiasi gani. Dada anayesema "nimesamehe" mbele ya kaka zake, hali hajui anasamehe nini na anaogopa kususiwa, hajasamehe.

Sisi katika kisa hiki chote tulikumbuka Hilful Fudhul. Mfanyabiashara kutoka Zabid, Yemen, aliuza bidhaa Makka, na mnunuzi, Al-'As bin Wail, akakataa kumlipa. Mtu yule hakuwa na ukoo Makka. Aliwaendea wakubwa waliodhaniwa watamsaidia, wakamkaripia. Akapanda jabali la Abu Qubays asubuhi, Makuraishi wakiwa wamekaa kuizunguka Al-Kaaba, akapaza sauti yake. Ndipo watu wa Bani Hashim, Zuhra, Taym na wengineo wakakutana nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an, wakaahidiana kuwa pamoja na aliyedhulumiwa, mwenyeji au mgeni, mpaka arudishiwe haki yake. Mtume (s.a.w.) alikuwapo akiwa kijana, kabla ya utume, na baadaye alisema kuwa lau angeitwa kwenye ahadi kama ile hata katika Uislamu, angeitika. Waliokutana nyumba ile hawakuwa Waislamu. Na Surat Al-Mumtahana, aya ya 8, haikutukataza kuwafanyia wema na uadilifu wasiotupiga vita katika dini. Jirani Mlutheri aliyemshika mkono mama wa Kirangi alifanya kazi ya nyumba ya Ibn Jud'an, na sisi tulikuwa tumekaa kuizunguka Al-Kaaba.

Lipo jambo jingine ambalo wajane wa mlimani hutuuliza, nalo ni jasho lao. Mwanamke aliyepalilia kahawa ya mumewe miaka 20 ana mirathi tu, au ana zaidi? Mahakama ya Rufani mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, ingawa Bi Hawa mwenyewe hakupata alichoomba. Lile lilikuwa shauri la talaka. Kwa upande wa wanazuoni, Ibn Ardhun, kadhi wa Kimaliki wa karne ya 16 katika nchi ya Morocco, aliulizwa juu ya wanawake wa milima ya Ghumara waliokuwa wakilima na kuvuna na waume zao, akafutu kuwa wana fungu la ushirika katika mavuno kwa kadiri ya kazi yao, mbali na mirathi. Baadhi ya wenzake walimpinga. Sisi wafuasi wa Imam Shafii hatukulelewa juu ya fatwa hiyo, na hatusemi kwamba tumekwisha kuifanyia uchunguzi wa kutosha. Tunasema tu kuwa alikuwa kadhi wa mlimani, na alitoka akatazama nani anashika jembe. Wallahu aalam.

Na hapo hapo mlimani, vihamba vitatu juu ya kile cha mama wa Kirangi, yupo mzee wa Kiislamu mwenye mke Mkristo, Mpare wa Same, wa miaka mingi. Mke huyu kwa rai ya jumhuri ya wanazuoni harithi, kwa kuwa dini zimetofautiana. Hana thumni wala robo. Kilicho mlango kwake ni wasia, ambao mume anaweza kumwandikia mpaka theluthi ya mali yake, na fungu hilo laweza kuwa kubwa kuliko la mke Muislamu. Lakini wasia huandikwa na aliye hai. Tulimpandia mzee yule na karatasi, na mashahidi wawili, na msaidizi wa kisheria kutoka mjini. Alitukaribisha vizuri, mkewe akatutengea chai na ndizi. Akasema ataandika, hana neno, ila tumngoje mpaka baada ya Ramadhani. Ramadhani imekwisha, na Idi Kubwa nayo imepita. Jumapili, inshaallah, tunapanda tena.